Mzee Ferdinand Rwegoshora, Mwenye Ardhi wa Kanyigo

Mzee Ferdinand Rwegoshora alizaliwa tarehe 12 Machi 1944, Kanyigo, Bukoba, katika ukoo wa nyarubanja, wenye mashamba makubwa yaliyolimwa na watwana. Watwana walilipa kodi ya ardhi kwa mikungu ya ndizi na kwa kupiga magoti. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, akibebewa vitabu na mtoto wa mtwana. Serikali ilipofuta mfumo huo wa nyarubanja, familia ilibaki na kibanja tu, yaani shamba la migomba la nyumbani, na hasira.

Alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, na kuanzia mwaka 1989 karani wa ubalozi wa Tanzania hapa Washington. Mkataba ulipoisha, alilinda maegesho ya magari Columbia Heights. Kwa ndugu aliandika kwamba anasimamia majengo.

Mwaka 1970 alimuoa Dorothea, wakajaliwa mtoto mmoja, Elieth. Dorothea aliogesha wazee wa watu Silver Spring hadi alipofariki mwaka 2011, na jasho lake ndilo lililoezeka upya nyumba ya Kanyigo. Marehemu alimpenda binti yake, hilo asipunjwe. Lakini kibanja alimwandikia Sebastian, mtoto wa kaka yake, kwa kuwa mtoto wa kike harithi. Ilimuuma Elieth, na bado inamuuma.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Mara tatu kwa wiki Kalisti, fundi wa mitambo wa mji wa Sterling na mjukuu wa mtwana wao, alimpeleka kusafishwa damu. Mzee alikaa kiti cha nyuma. Siku moja alijisahau akaketi mbele, wakapiga soga na kucheka njia nzima. Safari iliyofuata alirudi kiti cha nyuma.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa ameomba jambo moja tu: azikwe kibanjani kwao. Elieth alimpigia simu Sebastian, ambaye amejenga nyumba ya wageni pale. Sebastian hakuzungusha maneno.

“Dada, kaburi litanifukuzia wateja. Mzikeni huko huko.”

Hivyo leo, tarehe 22 Februari, Mzee anazikwa Maryland, katika kimoja cha viwanja viwili vya makaburi ambavyo Kalisti alijinunulia yeye na mkewe. Elieth alimuuliza kwa nini anakitoa.

“Kwao, babu yangu hakuwahi kupewa kiti,” alisema Kalisti. “Kwangu Mzee anakaribishwa.”

Ameacha binti, Elieth, na wajukuu wawili, Tito na Violet. Ameacha pia mrithi, Sebastian, ambaye hakutuma hata salamu.

Apumzike kwa amani Mzee Ferdinand, katika ardhi ya Kalisti.