Isidore Duvernay na Masanduku Mawili ya Clovis Arceneaux

Bwana Isidore Duvernay alijiunga na Bendi ya Kituo cha Ursule, hapa mtaa wa Tremé, New Orleans, mwezi Septemba 1988. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, baada ya miaka thelathini na mitano ya kuchagua tungo za jazi na kuziandika upya zilingane na wapigaji waliopo.

Wapigaji waliopo si kila mara wanaohitajika. Mwaka 1997 bendi ilikuwa na klarineti saba na haikuwa na tromboni hata moja. Sehemu ya tromboni akampa Bi. Delphine wa tuba, ambaye alilalamika kuwa amepewa kazi ya watu wawili na sahani moja ya maharage. Jumatatu iliyofuata, siku ya mazoezi ambayo hapa hupikwa maharage, Bwana Duvernay alimpakulia mbili. Kurasa nyingi za maktaba yetu bado zina madoa ya maharage ya Jumatatu.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilianza mwaka jana. Mpiga piano Clovis Arceneaux, mzaliwa wa mtaa huu, alifariki akiacha tungo sitini na tatu zilizoandikwa kwa mkono, katika masanduku mawili. Dada yake, Bi. Earline, aliiruhusu bendi ipige nane. Asiporidhika, alisema, masanduku yatakwenda kwenye chuo kikuu cha jimbo jingine kilichokwisha kuyaomba.

Bwana Duvernay alizisoma zote kwa miezi minne, nyumbani kwa Bi. Earline. Wa kwanza aliouchagua ulikuwa "Kiti cha Mama", ambao kila mtu hapa anaujua: hupigwa kwa kasi watu wakirudi kutoka makaburini, maiti akishazikwa, miavuli ikifunguliwa na watu wakicheza, kama ilivyo desturi ya mazishi hapa. Akauandika kwa mwendo huo. Hakutazama kona ya ukurasa, ambako mtunzi aliandika kwa penseli: polepole.

Kwenye mazoezi, Bi. Earline alisimama katikati ya wimbo. Alieleza kuwa Clovis aliutunga wiki aliyofariki mama yao, akaupiga kando ya jeneza.

"Isidore, mwanangu," alisema, "mama yangu hujamzika, ushaanza kucheza?"

Bwana Duvernay alifunga jalada, akamvutia kiti, akamwomba auimbe kama ulivyopigwa nyumbani. Bi. Earline akaimba, yeye akafuta alichokuwa ameandika na kuanza upya. Katika mpangilio mpya wa muziki klarineti moja ilibeba wimbo wote, na ngoma zilinyamaza kwa mizani thelathini na mbili za mapigo. Lamont, mpiga ngoma wetu, aliuliza kama Jumatatu aje na mto wa kulalia.

Onyesho lilikuwa tarehe 18 Mei. Bi. Earline aliketi safu ya mbele, macho ameyafumba. "Kiti cha Mama" ulipokwisha, hakupiga makofi. Siku mbili baadaye alifika kituoni na mpwa wake, wakiwa na masanduku yote mawili. Bwana Duvernay alimkumbusha kwamba yeye anaondoka, na tungo hamsini na tano bado hazijaandikiwa bendi.

"Hizo nazo wataanza kwa kuziharibu," Bi. Earline alisema, akitutazama. "Wakiharibu, waniite."

Bwana Duvernay, asante kwa kila ukurasa ulioandika, na zaidi kwa ule uliokubali kuufuta. Pumzika vizuri, uwe na afya na siku nyingi. Jumatatu tunaanza utungo wa tisa.