Mama Iko Kabatini

Benchi letu liko nje ya kituo cha reli cha Rooty Hill, huku ughaibuni, kando ya duka la kahawa ambalo wakati wa kufungiwa kwa ajili ya Corona lilikuwa likiuzia dirishani tu. Septemba ile ya 2021 tuliochanjwa tuliruhusiwa kukaa nje, tusizidi watano. Tulikuwa wanne: Bwana Owuor, tuliyemwita Daktari kwa sababu alisukuma vitanda hospitalini, Bwana Muema, kwa jina la kijiweni Upelelezi, Bwana Symphorien wa Bukavu, tuliyemwita Pasta ingawa hakuwa na kanisa, na mimi. Ng'ambo ya barabara ni nyumba ya Mama Léocadie, mtu wa Uvira.

— Nimemsikia kwa masikio yangu akiongea na simu, alisema Muema, akishusha barakoa. "Mama iko kabatini. Usifunge na kifuniko, itakosa hewa. Weka kitambaa tu."

Owuor aliacha kunywa.

— Mama ya nani? Si alituambia mamake alibaki Uvira?

— Ndiyo ujue. Anamficha. Hiyo ni Corona, boss.

— Polepole, alisema Symphorien. Kwetu kila kitu ni "iko". Mama iko, gari iko, hata Mungu iko.

— Na Mungu mnamfunika kitambaa?

— Ngojeni, sijamaliza, alisema Muema. Akasema pia, "Mpe divai kidogo, anakunywa polepole."

— Mgonjwa anapewa divai! Manze!

— Tena akasema huyo mama alikuwa kwa wazungu tangu 1880.

Owuor alihesabu kwa vidole, akakata tamaa.

— Hakuna mtu wa umri huo. Huyo alishakufa! Wamemkausha kabatini ili pensheni iendelee kuingia. Mimi napiga simu.

— Daktari, acha, alisema Symphorien. Yule ni mkimbizi, ana watoto. Unajua maana ya askari mlangoni kwa mtu wa Uvira?

Owuor alikuwa ameshaondoka na simu sikioni. Aliporudi alisema tu:

— Jina langu sijataja.

Askari wawili walikuja, wakaingia. Walipotoka, mmoja alikuwa anacheka. Nyuma yao akatoka Mama Léocadie, amekumbatia mtungi wa kioo, akavuka barabara hadi kwetu. Ndani ya mtungi, juu ya maji mekundu, kulielea utando mnene, laini kama ini.

— Mama njo hii, ndiyo hii, alisema. Mama ya siki. Unatia divai, yeye anaigeuza siki. Bibi Halloran, jirani, alinipa kipande. Bibi ya bibi yake alikuwa anapika siki jikoni kwake na kuiuza mlango kwa mlango, tangu 1880. Mama hii haifi, inagawanywa tu. Nilikuwa naeleza dada yangu Léonie namna ya kuitunza.

Muema alijaribu kucheka. Hakuna aliyemfuata.

— Watoto wangu wako chini ya kitanda, aliendelea. Wanakataa kutoka. Wanasema tunarudishwa.

Alitoa chupa mfukoni mwa kizibao, akaiweka kwenye benchi, karibu na goti la Owuor.

— Siki hii nilikuwa nimewawekea, ya kachumbari.

Kisha akatutazama mmoja mmoja.

— Ni nani aliwaita askari?

Kahawa ilikuwa imekwisha zamani. Tuliinua vikombe, sote wanne, tukanywa.