Saa za Watu Mkononi mwa Sekunde

Mgeni rasmi, mkuu wetu mpya wa kituo cha polisi. Maafisa ulioongozana nao. Majirani zetu, wakubwa kwa wadogo.

Kijana tunayetaka kukusimulia habari zake hakuwa na baba. Hakuwa na kitambulisho, kwa kuwa alikuwa bado anangoja kitoke. Hakuwa na risiti mfukoni, wala hakuwa na maneno mengi kinywani. Na ingawa siku ile mkono wake ulikuwa na saa tatu za wateja, zote zikienda, hakuwa na saa yake mwenyewe.

UKARIBISHO

Karibu katika uchochoro wetu. Kiti ulichokalia tumekiazima kwa kinyozi. Kina tabia ya kuzunguka chenyewe. Tumekaza skrubu, lakini usikiamini sana.

HISTORIA

Tuko mafundi kumi na wanne: wa viatu, wa cherehani, wa redio, wa miavuli na wa saa. Meza ya kwanza, pale unapoingilia, ni ya fundi saa mkongwe tunayemwita Babu Lenzi, kwa ajili ya kile kioo kisichobanduka jichoni mwake. Ndiye katibu wetu. Alisoma masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na miwili, na risala hii ameiandika mwenyewe, hakukubali asahihishwe na mtu.

Miaka minne iliyopita alipokea mwanafunzi wa miaka kumi na mitano. Kila akitumwa alijibu, "Sekunde tu, babu," kisha akarudi baada ya nusu saa na sababu nzuri. Jina la Sekunde likamganda. Lakini akiketi mezani, mkono wake ulitulia kama maji mtungini.

Mgeni rasmi, kazi ya saa ina siri moja. Saa ikilala mezani hujifanya nzima, kama mgonjwa aliyemwona daktari. Ili ujue kama imepona, lazima ivaliwe siku mbili, itembee, itikiswe, ionje jasho. Zamani Babu Lenzi alizivaa mwenyewe. Mkono wake ulipoanza kutetemeka, akamwambia Sekunde, "Zivae wewe, mjukuu wangu. Mkono wangu siku hizi unazidanganya."

MAFANIKIO

Tumeezeka paa jipya. Hatujagombana mwaka mzima, ukiondoa habari ya mwavuli wa fundi redio. Na ile saa ya ukutani ofisini kwako, iliyosimama miaka miwili, aliitengeneza Sekunde. Kila unapoinua macho kuitazama, unaiona kazi ya mkono wake wa kulia.

CHANGAMOTO

Ijumaa moja, saa kumi alasiri, Sekunde alitumwa mkate. Wakati huohuo askari wawili walikuwa wakimfukuza mtu aliyepora simu. Walipofika hapa mdomoni mwa uchochoro wakamkuta kijana mwenye saa tatu kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

"Hizi za nani?"

"Si zangu, afande," akasema. "Zote si zangu. Nazivaa tu."

Alisema kweli, na kweli ile ikamponza. Rungu la kwanza alilipokea kwa mkono wa kulia. La pili na la tatu hatukuyahesabu, kwa kuwa tulikuwa tunapiga kelele.

Hapa ndipo risala hii inapotuwia ngumu. Kelele zetu hazikuwa za kumtetea. Watu walikuwa wamemzunguka, hatukumwona uso. Tulichojua ni kwamba mwizi amekamatwa. Kinyozi alipaza sauti, "Mtieni adabu." Wengine wakacheka. Na Babu Lenzi, hatua kumi tu kutoka pale, hakutoa hata kioo jichoni. Alisema, "Afadhali. Wametuchosha."

Siku ya nne Sekunde aliachiwa bila shitaka, mkono umevunjika kwenye kifundo. Tangu hapo uchochoro umegawanyika, kama redio zinavyogawanyika kila jioni kuhusu polisi na vijana.

"Mimi wameniibia mashine mbili za kunyolea," kinyozi akasema. "Niwaimbie?"

"Na Sekunde," akauliza mama fundi cherehani, "alikuibia mashine ipi?"

Kinyozi akazima redio.

Babu Lenzi alikwenda kumwona Sekunde kwa mama yake mdogo. Kijana aliinuka kitini, akampa shikamoo, akamletea maji kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Babu, nilikusikia."

Hajarudi. Daktari amesema vidole vianzishiwe kazi ndogondogo mapema, visije vikakakamaa. Wiki ya sita inakwisha. Kibano chake kipo mezani, na kila asubuhi babu anakipangusa.

MAOMBI

Kwanza, saa zile tatu zilizobaki kituoni zirudi. Wateja wenye saa hizo wameandika kwamba walituachia kwa hiari.

Pili, jalada lake lifungwe kwa maandishi, apite njiani bila kugeukageuka.

Tatu, askari wako waliuliza, "Za nani?" Wangeongeza, "Aliyekupa hizi uzivae ni nani, na anakaa wapi?" angenyoosha kidole tu. Tunaomba swali la pili liwe desturi, hata kwa kijana ambaye kweli ameiba. Askari aliyepiga hatumtaji, ingawa tunamjua. Naye ni mtoto wa mtu.

La mwisho si ombi. Tumemwandikia Sekunde barua. Kila mmoja wetu ameandika neno alilolisema siku ile, kama alivyolisema, na kutia sahihi. Fundi viatu ameandika kwamba hakusema kitu, na kwamba ndicho kinachomnyima raha. Chini ya majina yetu tumeacha mstari mmoja mtupu. Hatukuambii uandike nini. Kalamu iko mbele yako.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kusaidia na mzito wa kupiga. Awarudishe askari wako salama kwa mama zao kila jioni, na watoto wetu vilevile.

Ni sisi, Umoja wa Mafundi wa Uchochoro.

Imeongezwa na katibu baada ya risala kusomwa: Mgeni rasmi alivua kofia, akaiweka magotini. Alikaa kidogo, kiti kikamzungusha, akajirudisha. Kisha akaandika. Hakutusomea, nasi hatukuchungulia. Mama fundi cherehani aliilowesha gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa pasi iliyopoa. Mpeleka barua aliipokea kwa mikono miwili, akaondoka na baiskeli yake saa kumi na dakika ishirini alasiri.