Siku Tatu za Mgeni

Kila alasiri, kivuli cha duka la matairi kinapofika kwenye benchi, wazee watatu huketi na birika la kahawa ya iliki na sahani ya tende. Mutlaq huitwa Dira, kwa kuwa ujanani aliwaongoza watafuta mafuta jangwani. Dhaifallah ni Redio, kwa sababu hazimiki. Nayif, aliyeendesha lori la maji miaka thelathini, ni Dizeli. Siku hiyo walikuwa na kijana mgeni aliyeshuka basini jana yake, akalala sebuleni kwa Redio. Hakuna aliyemuuliza hata jina.

— Gazeti limetuandika! alisema Dizeli akiinua simu yake yenye kioo kilichopasuka. Yule mzungu aliyelala kwa Dira mwezi uliopita! Mgeni, una macho mazima, hebu tusomee.

Kijana akasoma: “Ufalme huu una mafuta chini na ukimya juu. Walinichinjia kondoo. Walinimiminia vikombe kumi na saba vya kahawa, sikujua namna ya kuwazuia.”

— Kumi na saba! Redio alicheka mpaka akakohoa. Si angetikisa kikombe tu? Asiyetikisa anamiminiwa mpaka kiama!

— Mimi nilidhani ana kiu, alisema Mutlaq.

— Kiu gani, Dira? alisema Redio. Yule mpelelezi. Alikuwa anatazama tunakula tende ngapi, ajue mafuta yamebaki kiasi gani.

— Tende na mafuta wapi na wapi? Dizeli aliguna. Yule alikuwa anatafuta maji. Watu wa maji nawajua, hutazama chini. Watayavuta kwa bomba mpaka kwao, sisi tubaki na mchanga.

— Na ngamia watakunywa nini?

— Ngamia nao watapitishwa kwenye bomba.

— Wallahi wewe jua limekuingia kichwani!

Mutlaq hakucheka. Alimkumbuka yule msafiri alivyokuwa akimtazama usoni, mkono ukiwa juu ya mfuko wa shati, kama mtu mwenye jambo.

— Endelea, mwanangu.

“Nilikuja na picha ya baba yangu na kijana mmoja wa jangwani. Baba alikuwa mpimaji wa ardhi. Nyoka alimuuma, gari likiwa limezama mchangani. Kijana yule alimfunga juu ya ngamia, akatembea naye usiku na mchana hadi kwenye ndege iliyompeleka hospitali. Baba alifariki mwaka jana, mzee wa miaka themanini na tisa. Mpaka mwisho alikuwa akimtaja. Nilingoja mtu aniulize nimefuata nini. Wazee wale walikuwa na heshima nyingi, nami niliona aibu kuanza. Asubuhi ya siku ya tatu niliondoka.”

Redio alifunga kinywa. Dizeli alimtazama Mutlaq, kisha akatazama viatu vyake.

Miaka hamsini na tano Mutlaq alikuwa hajui kama yule mpimaji, aliyemwita Abu Miwani kwa ajili ya miwani yake, alifika hai. Na mwanawe alikuwa amekaa naye goti kwa goti, akimiminiwa kahawa.

— Themanini na tisa, alisema polepole. Kwa hiyo alipona.

— Alipona, Mutlaq, alisema Dizeli. Alipona na akazeeka.

— Kwa nini hamkumuuliza? alisema kijana.

— Tungemuulizaje? Redio alikuja juu. Mgeni haulizwi haja yake mpaka siku tatu ziishe. Ndivyo tulivyolelewa. Angengoja kidogo tu, jioni ile ile tungemuuliza!

— Sawa, ami. Lakini yeye nani alimwambia habari za hizo siku tatu?

Dizeli akainua birika kumimina, likatoa matone mawili na machicha.

Mutlaq akageuka, akamshika kijana mkono.

— Mwanangu, jina lako nani? Umekuja kwetu kutafuta nini?

— Mutlaq! Redio aliruka. Leo ni siku ya pili! Unanivunjia heshima ya nyumba!

— Nivunje, alisema Mutlaq, bila kuuachia mkono.

Kijana aliweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yamelowa.

— Naitwa Turki. Nilishaanza kutazama saa za basi la kurudi.