Mikunjo ya Mama Albertine

Leo, tarehe 28 Septemba 2024, Mama Albertine Amuri anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika atelie yetu ya uchapaji hapa Kindu. Mimi Ferdinand nimeombwa kuandika maneno haya ya kumuaga kwa sababu niliingia kabla yake, na kwa kusema hapa hakuna anayenizidi.

Alianza mwaka 1998, vita ikiwa njiani. Gari la moshi lilisimama, rangi ikaisha, lakini atelie haikufunga. Watu walitoka porini na foto, picha za ndugu zao, zilizolowa, wakitaka sura ya marehemu ibaki mahali. Mama Albertine aliweka foto chini ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akafuata sura kwa kalamu, halafu akaikata mistari ile kwenye filamu kuukuu za radiografi, zile za eksirei za hospitali, ili rangi ipite kwenye matundu hadi kitambaani. Rangi tulipika kwa masizi na mafuta ya mawese. Nilipika mimi. Sura nilizopaka wakati ule, mvua inazipita pembeni mpaka leo.

Kompyuta ilipokuja, kazi ilibaki ile ile. Foto ndani ya mashini ni nukta ndogo ndogo. Ukiikuza sana inavunjika vipande kama sakafu ya vigae. Yeye aliigeuza kuwa mistari, na mistari haivunjiki, uiweke kwenye kadi au kwenye ukuta mzima. Nahodha mmoja wa mpira tulimchapa kwenye bashi, turubai la plastiki, akatoka mkubwa hata watu wa Alunguli, ng'ambo ya mto, walimpungia mkono na kulalamika kwamba hajibu.

Lakini kazi tutakayoikumbuka ni ya Mama Mwavita. Mwana wake Fadhili alipotea mwaka 2002, na mwili haukupatikana. Ilibaki foto moja ya kadi ya shule, imejaa madoa ya unyevu. Baada ya miaka ishirini familia ilikubali kumaliza matanga, wakaagiza vitambaa vyenye sura yake. Hawakuwa na kaburi. Kaburi lilikuwa kitambaa kile.

Kazi zilikuwa zimetuzidi. Mama Albertine akaiachia mashini igeuze foto yenyewe, nayo ikasafisha madoa yote. Mama Mwavita alikuja siku moja kabla ya matanga, akaangalia sura ile kwa karibu. Kisha akasema, "Huyu njo mutoto wa nani? Wangu alikuwa na kovu juu ya jicho. Alianguka na baiskeli ya baba yake."

Mashini ilikuwa imehesabu kovu kuwa doa.

Mama Albertine hakujitetea. Alivuta kiti. "Ikala hapa, dada. Unionyeshe na kidole."

Wakaanza upya, mstari kwa mstari, mmoja akisema, mwingine akichora. Walipofika kwenye kovu, tulisikia, "Juu kidogo. Hapo. Njo yeye, mutoto wangu." Tulitoka nje sisi wengine.

Tangu siku ile ni sheria ya atelie: sura ya marehemu haichorwi bila ndugu kukaa pembeni.

Wiki iliyopita kijana wetu wa michoro, Cédric, aligeuza foto ya Mama Albertine kwa ajili ya jalada la kijitabu hiki cha kumuaga. Alitoka laini kama bibi arusi. Mwenyewe akacheka. "Cédric, mikunjo yangu iko wapi? Rudisha yote. Nimeipata kwa kazi." Akavuta kiti, akakaa pembeni, akaonyesha kwa kidole.

Asante, Mama. Jalada liko mikononi mwenu, ndugu. Tazameni, hakuna mkunjo uliopotea. Nenda salama kijijini kwenu Tunda, shamba likupokee vizuri. Tunakuombea maisha mema, marefu, yenye nafasi ya mikunjo mingine.