Risala ya Wabeba Sumaku kuhusu Doa Jekundu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Wataalamu mliokaa kivulini. Wazazi mliokaa juani:

Sisi wabeba sumaku tunakukaribisha. Tunaanza kwa kujisifu, maana hatuoni mwingine atakayetusifu. Katika kazi yote ya kupima shimo hili, hakuna hata mmoja wetu aliyepita kwenye mstari akiwa na chuma mwilini. Hata pini. Hilo tunalisema kifua mbele.

HISTORIA YETU

Tunaishi ndani ya shimo. Zamani sana, kabla ya babu wa babu wa yeyote aliye hapa, jiwe kutoka angani lilianguka, likapasua mwamba na kuuyeyusha. Udongo ukafunika kidonda, nasi tukajenga juu yake bila habari. Wataalamu walipokuja walituambia kwamba mwamba ulioyeyuka ukapoa hubaki na sumaku yake, tofauti na ya mwamba wa jirani. Ukipita juu na chombo cha kupima sumaku, unajua yaliyo chini bila kushika jembe. Wakatafuta watu wa kupita. Ndio sisi.

Kazi yenyewe ni kutembea. Unabeba chombo kwenye fimbo ndefu, unafuata kamba iliyonyooshwa toka ukingo hadi ukingo, kisha unarudi kwa kamba ya pembeni yake. Kamba ikipita kwenye miiba, na wewe unapita kwenye miiba.

MAFANIKIO

Tulivua mikanda, saa, funguo na simu. Fundi cherehani alitushonea suruali za kufunga kwa uzi, na ya mwenzetu tunayemwita Bwana Harusi ikamwanguka mbele ya wakwe. Mwenye jino la chuma alihamishiwa jikoni. Mama mmoja alivua pete ya ndoa, mumewe akamnunia mpaka kazi ikaisha. Hata redio ndogo ilipigwa marufuku, maana spika yake ina sumaku ndani, na chombo hakijui kutofautisha sumaku ya mwamba na ya mfukoni. Tulivumilia yote. Ramani ikakamilika.

CHANGAMOTO

Ramani ni nzuri. Tunasikia imetundikwa ofisini kwako, ndani ya kioo. Chini yake yapo majina ya wataalamu, mpaka la aliyechagua rangi. Yetu hayapo. Ila nyumba zetu zipo, Mheshimiwa. Zimezungushiwa duara, ndani ya doa jekundu. Tumeelezwa kuwa doa hilo ni mwamba wenye sumaku kali, na kwamba hapo ndipo mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba, utasimama. Wenye nyumba wahame kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumba ya katikati kabisa ni ya shangazi yangu mimi msomaji, mjane aliyenisomesha kwa kufua nguo za watu.

Tuliposema doa lina walakini, tulijibiwa, "Chombo hakidanganyi." Sawa. Lakini chombo hudanganywa. Sisi tunaona kosa ni la gari la wataalamu, ambalo dereva aliliegesha popote alipoona kivuli. Namwona anatikisa kichwa. Atikise tu, risala haina kipindi cha maswali.

MAOMBI

Tunaomba jambo moja. Mistari inayopita pale ipimwe upya kabla mtambo haujaletwa. Sisi wenyewe tutatembea. Haifai watu wabomolewe nyumba kwa uzembe wa mtu mmoja ambaye...

Mgeni rasmi, sauti hiyo ya nyuma haimo kwenye risala. Shangazi, kaa kwanza.

"Sikai. Umesema redio ina sumaku?"

Spika yake, shangazi. Hayo tumeshayapita.

"Hatujayapita. Siku ile ya fainali si ulikuja na lifimbo lako, ukachukua redio dirishani kwangu? Ukaenda nayo mpaka uani kwa jirani, ukaiacha. Ukarudi kwa kamba ya pembeni, ukaichukua uani ukanirudishia dirishani. Ukaja tena. Nikakuuliza, mwanangu, hawatakugombeza? Ukanijibu, 'Shangazi, mpira unaisha, mwamba haukimbii.'"

Mheshimiwa, shangazi ni mtu mzima, siku nyingine anachanganya.

"Nachanganya nini? Nimeshafungasha vyombo. Nimefungua hata kitanda cha marehemu, nimekifunga kamba. Na wewe ulinisaidia kukifunga, kimya."

Mtaalamu mkuu amekunjua ramani mezani. Anapima kwa kidole. Anasema, "Toka dirishani hadi uani. Ndilo doa lenyewe." Dereva ameacha kutikisa kichwa, sasa ananitazama tu.

Shangazi amepita mbele na mkoba wake, na ameitoa redio, Mgeni rasmi, ameiweka mbele yako. Antena imefungwa kwa uzi mwekundu. Ndiyo, Mheshimiwa, ni uzi wa suruali zetu.

Unasema nimalizie. Zilibaki baraka. Mungu akupe afya, akurudishe salama nyumbani kwako, kwenye nyumba ambayo hakuna aliyeizungushia duara.

Ni sisi, Wabeba Sumaku wa Shimoni.

Wenzangu wamesogeza viti mbali nami. Wanasema mstari huo wa mwisho niusome upya, na nianze na "ni mimi".