Ng'ombe wa Mama Raheli na Tepe za Sajini Msafiri

Mheshimiwa Bwana DC, uliyekubali kuahirisha baraza lako la mifugo ili ukae nasi jioni hii. Mheshimiwa Mtemi wetu. Bwana Inspekta wa Polisi, uliyetufikia kwa treni kutoka Dodoma. Mchungaji wetu na Shehe wetu. Wenye maduka mkiongozwa na Bwana Lalji, aliyetoa viti hivi na chai hii. Askari wetu mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa lakini mmekuja kwa wingi kuliko walioalikwa: mbukwenyi, shikamooni, na habari za kutwa.

Mimi ni Yotham, fundi cherehani. Cherehani yangu imekaa kwenye baraza ya duka la Bwana Lalji, na baraza hiyo inatazamana na kituo cha polisi, hata mahabusu akipiga chafya humo ndani mimi ndiye ninayemwombea afya. Sare za askari wote wa mji huu wa Mhambala hupita mikononi mwangu. Wakazi wenzangu walipokutana kutafuta msemaji walinichagua mimi, na nilipouliza sababu, wakaniambia, "Wewe umeona mengi, na hata ukifungwa, gerezani nako wanahitaji fundi." Nawashukuru kwa imani hiyo.

Tumekusanyika kumuaga Sajini Msafiri, aliyekaa nasi miaka mingi, na ambaye kesho anapanda treni kurudi kwao Tabora. Tunaambiwa kwamba anapumzishwa kwa sababu amechoka. Sisi tunaomwona kila siku hatukuugundua uchovu huo. Umegunduliwa na Bwana Inspekta, anayemwona mara moja kwa mwezi. Tunamshukuru kwa macho yake makali. Bwana Inspekta pia alinitumia salamu jana kwamba nizungumzie huduma ambazo polisi wanawapa wakazi wa mji, na kwamba mambo mengine niyaache. Bwana Inspekta, nimesikia na nitatii. Sitaongea jambo lolote lisilo huduma.

Na huduma, jamani, ni nyingi! Ni nani kati yetu aliyewahi kuendesha baiskeli isiyo na taa, saa sita mchana, jua la Ugogo likimchoma utosini, asisimamishwe na askari na kukumbushwa kwamba usiku nao utafika? Ni mama gani aliyepika pombe bila kibali, asitembelewe na askari wakaionja, wakaionja tena, wakamwita na mwenzao aliyekuwa zamu aje aionje, mpaka wote wakaridhika kwamba kweli ile ni pombe? Bwana Lalji hapa aliibiwa jora la kaniki mchana kweupe. Akakimbilia kituoni, akamkuta askari Matonya mlangoni.

"Mwizi umemwona?" akaulizwa.

"Nimemwona! Anakimbia pale, anavuka reli!"

"Ameshavuka?"

"Sasa hivi anavuka!"

"Basi ngoja avuke," akaambiwa, "maana ng'ambo ya reli si eneo letu, tukimfuata tutakuwa tumewaingilia wenzetu kazi."

Naona Bwana DC anacheka. Bwana Lalji hakucheka siku ile, lakini leo naye anacheka, na hiyo pia ni huduma.

Lakini ipo huduma moja iliyozipita zote, nayo ni ile aliyopewa Yudith, ambaye sote tunamwita Mama Raheli. Yule pale, amekaa kwenye mkeka pamoja na binti yake. Mumewe alikwenda vitani Burma akiwa askari wa Mfalme na hakurudi. Alimwachia mama huyu mji wa tembe na ng'ombe mmoja. Miaka ikapita, mama akaolewa tena, akamzaa Raheli, na mume wa pili naye akafa kwa homa. Ng'ombe akazaa, akazeeka, na yule aliyebaki mwaka jana, mwaka wa ukame, alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza. Anaitwa Madoa. Mnaukumbuka ukame ule? Uwele ulikauka kabla ya kutoa suke, na watoto wakaishi kwa mlenda na maji. Raheli aliishi kwa maziwa ya Madoa, nusu kwake, nusu kwa ndama.

Madoa akaibwa.

Hapo, waheshimiwa, nasema bila mzaha kwamba polisi walitenda kazi. Sajini Msafiri aliifuata njia ya ng'ombe yule hadi stesheni ya Gulwe, sehemu kwa baiskeli, sehemu akiibeba baiskeli begani, na kule Gulwe akamkuta Madoa anasukumwa kwenye behewa. Mwizi aliporuka upande wa pili akatokomea porini, Sajini hakuhangaika naye. Alimshika ng'ombe, akarudi naye kwa miguu. Alipoingia mjini wanawake walipiga vigelegele, na mimi niliacha suruali ya mtu chini ya sindano nikaenda kumpa mkono. Mama Raheli alikuja mbio na kamba mkononi.

Kumbe alikuwa na haraka bure. Bwana Inspekta alikuwepo siku ile, na aliamuru kwamba ng'ombe yule si ng'ombe tena, ni kidhibiti. Kidhibiti hukaa kituoni mpaka kesi iishe. Mama Raheli akauliza, kwa adabu kabisa, "Na kesi itaanza lini, Bwana?" Akajibiwa kwamba itaanza mwizi atakapokamatwa. "Na mwizi atakamatwa lini?" Akajibiwa kwamba hilo aulizwe mwizi.

Tazameni busara ya sheria! Mwizi aliiba ng'ombe usiku mmoja tu. Serikali, kwa kumlinda mama huyu dhidi ya mwizi, ikamchukua ng'ombe kwa miezi. Mwizi angemaliza kazi yake Dodoma mnadani. Polisi waliiendeleza hapahapa, mbele ya macho ya mwenye mali, na kwa muhuri.

Na ng'ombe ana maziwa. Tena Madoa hashushi maziwa bila kumwona ndama wake. Askari walijaribu kumkamua, akampiga Matonya teke la paja, Matonya akachechemea hadi Idi. Basi ikatoka amri nyingine: Mama Raheli amlete ndama kila asubuhi, "ili kuisaidia polisi." Akamleta. Ndama akionja kidogo, maziwa yakishuka, anavutwa pembeni, na maziwa yanaingia katika birika la kituo. Nilikuwa nikiyaona hayo kutoka barazani. Mama anasimama na kamba ya ndama, anatazama, halafu anarudi nyumbani kwa Raheli na mikono mitupu. Shingo ya mtoto ikawa nyembamba, tumbo likatangulia mbele. Bibi Bhagwati, mke wa Bwana Lalji, alikuwa akimpelekea kikombe cha mtindi kutoka jikoni kwake, na huenda kikombe hicho ndicho kilichombakiza mtoto huyu duniani.

Asubuhi moja Mama Raheli hakuja na ndama. Alikuja peke yake, amevaa kanga yake ya kanisani, akasimama mbele ya meza ya Sajini. Madirisha ya kituo ni mapana, na mimi masikio yangu ni mazima, kwa hiyo haya ninayowaambia niliyasikia mwenyewe.

"Nimekuja kushtaki wizi," akasema.

"Umeibiwa nini, Mama Raheli?"

"Maziwa."

"Wameyaibia wapi?"

"Hapo nyuma ya ofisi yako."

"Mwizi umemwona?"

"Namwona hata sasa. Ana povu kwenye sharubu."

Matonya, aliyekuwa amesimama na kikombe karibu na mlango, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, shati nililolishona mimi. Askari wengine wakaanza kucheka. Sajini Msafiri hakucheka. Alimtazama yule mama, akavaa kofia yake, kana kwamba amri imeingia kutoka juu.

"Matonya," akasema, "weka kikombe chini. Hicho ni kidhibiti."

"Afande?"

"Mali yenye mashtaka hainywewi. Inahifadhiwa mpaka hukumu. Si ndiyo amri tuliyopewa? Kiweke mezani."

Kisha akamgeukia mama kwa sauti ya chini. "Mama Raheli, unafahamu kwamba na mwanao hatayanywa?"

"Hayanywi hata sasa, baba. Kama mwanangu hanywi, basi asinywe mtu."

Tangu siku hiyo ndama aliletwa, Madoa akakamuliwa, na maziwa yakatiwa vibuyuni, vibuyu vikapangwa ofisini kwa heshima zote za kisheria. Jua la kwetu mnalijua. Siku za kwanza yaliganda. Siku zilizofuata yalianza kusema. Halafu nzi wakaja, wale wa mjini na wale wa kwenye zizi la mnada, na wateja wangu wakawa wananiambia nishone kwa haraka wapate kuondoka. Mahabusu mmoja, mlevi wa kawaida, aliomba ahamishiwe gereza kuu. Askari walimsihi Sajini ayamwage. Aliwajibu kwamba yeye ni mtumishi mdogo, hana uwezo wa kuharibu ushahidi.

Bwana Inspekta akaja kwa ukaguzi wake. Aliingia mlangoni, akatoka, akatoa leso, akaingia tena.

"Nini hii?"

"Kidhibiti, Bwana."

"Tupa!"

"Kidhibiti hakitupwi bila hukumu, Bwana. Ni amri yako."

"Toa nje! Kidhibiti yote toa nje, rudisha kwa mwenyewe!"

"Vyote, Bwana?"

"Yote! Sasa hivi!"

Sajini Msafiri akapiga saluti, nayo ilikuwa saluti safi, akaenda nyuma ya ofisi na kumfungua Madoa. Alimwongoza mwenyewe, akiwa na sare kamili na tepe zake tatu mkononi, katikati ya barabara, mbele ya maduka yote. Ndama aliposikia sauti ya mama yake alikata kamba. Mama Raheli alikuwa anasaga. Hakupiga kigelegele. Alichuchumaa palepale akakamua ndani ya kata ya maji, akamwita mtoto, na mtoto akanywa huku amefumba macho. Sajini alikaa akatazama mpaka kata ilipokwisha, ndipo akarudi kazini.

Kituoni kulikuwa kumeagizwa chai. Ilikuja nyeusi. Hapo ndipo Bwana Inspekta alipouliza ng'ombe yuko wapi.

Waheshimiwa, mimi ni mtu wa haki, na nataka kumtendea haki Bwana Inspekta. Alikasirika, ndiyo, lakini alimfungulia Sajini mlango. Tulikuwa tumejaa nje ya kituo, tukamsikia. Alisema, "Mimi nilisema maziwa. Wewe hukuelewa. Sema hukuelewa, basi, maneno imekwisha." Mlango huo ulikuwa mpana kiasi cha kupita ng'ombe na ndama wake. Neno moja tu, na Sajini angebaki na cheo chake na kustaafu kwa paredi na tarumbeta. Sote tulikuwa tunamwombea aliseme. Bwana Lalji alikuwa ameshika nguzo ya baraza, ananong'ona, "Sema, Sajini. Sema, ndugu yangu."

Sajini Msafiri akasema, "Nilielewa, Bwana. Nilielewa vizuri."

Hivyo ndivyo uchovu wake ulivyogunduliwa.

Bwana Inspekta, naona hucheki tena. Nimeahidi kutozungumzia lolote ila huduma, na mwenye kuona nimetoka nje ya huduma anioneshe nilipotokea. Mtu alimrudishia mama ng'ombe wake. Kama hiyo si huduma ya polisi, basi tufundishwe, maana sisi wakazi kwa miaka yote tulidhani ndiyo yenyewe, na kwamba zile nyingine za taa za baiskeli zilikuwa nyongeza.

Mheshimiwa Bwana DC, tuna ombi. Nyuma ya kituo sasa hivi wamefungwa mbuzi wawili wa mzee mmoja wa Buigiri. Waliibwa, wakapatikana, na mzee huja kila wiki kuwatazama kama anayetazama wagonjwa. Mmoja ana mimba. Tunaomba kesho, kabla ya baraza lako, upite pale uwaangalie, uamue wewe mwenyewe kosa lao ni nini.

Na wewe, Sajini Msafiri. Ilitolewa amri kwamba sare uliyonayo ifumuliwe tepe, na kazi hiyo nililetewa mimi. Niliifanya. Nilikata uzi mmoja baada ya mwingine, polepole, nisije nikaichana kaki. Lakini shati lile limepigwa na jua la Ugogo miaka mingi, limepauka lote, isipokuwa pale chini ya tepe. Nilipomaliza kufumua, rangi ya zamani ilikuwa imebaki pale, mistari mitatu, inasomeka toka ng'ambo ya barabara. Bwana Inspekta, hilo si kosa la fundi. Nimelifua shati mara mbili, rangi haitoki.

Simama, Sajini, watu wakuone mkono.

Nawashukuruni nyote mlionitegea sikio, mliofurahi na mliokasirika. Asanteni.